Sehemu ya Ndege

Babu yangu Matonya hakuwa mtu wa kutia chumvi. Alinisimulia kisa hiki mara moja tu, tukipepeta uwele nyumbani Mkonze, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Nakiandika alivyokisema, isipokuwa mwisho. Mwisho niliuona mwenyewe.

Ilikuwa enzi za Wajerumani, reli haijafika Dodoma. Babu na mdogo wake Ndahani walikuwa wapagazi wa Mjerumani mmoja aliyependa kutembea porini, kaskazini ya Kondoa. Wapagazi walimwita Bwana Miwani. Alikuja masika, alikuja kiangazi. Wazungu wenzake walifuata pembe za ndovu. Yeye alikaa juu ya jiwe na darubini tangu asubuhi, akitazama twiga na kuchora ndege kwenye daftari, akicheka peke yake. Walimwona ana wazimu kidogo, lakini walimpenda. Babu alisema hakuwahi kupata kazi nyepesi kama ile.

Asubuhi moja ndege wa asali alitua juu ya hema akipiga kelele. Ndahani akampigia mluzi, wakamfuata wote watatu hadi kwenye mninga wenye tundu. Wakafukiza moshi, wakarina. Kwetu, ndege huyu akikuongoza, unamwachia kipande cha sega juu ya jani bichi. Kila mtoto anajua. Usipomwachia, safari ijayo hatakupeleka kwenye asali.

Bwana Miwani alitaka kuona ndege akinyimwa atafanya nini. Akaagiza sehemu yake ifukiwe, akafungua daftari. Ndahani alikataa, akamsihi kaka yake wasifanye hivyo. Lakini babu aliogopa kufukuzwa kazi. Alichimba kwa mkono wa kulia, akafukia. Ndege alikaa kwenye tawi akimtazama. Hakulia tena.

Kesho yake ndege alirudi. Alikuwa yuleyule, mkia umenyofoka unyoya mmoja. Ndahani alifurahi, akasema leo atapewa mara mbili. Bwana Miwani alikuwa na homa, akabaki hemani. Ndugu wawili wakaenda peke yao.

Ndege hakupiga kelele. Aliruka, akatua, akangoja. Jua likapanda. Jua likafika utosini. Wakajikuta mbele ya mninga uleule.

Tundu lilikuwepo. Nyuki hawakuwepo. Ndahani akaingiza mkono hadi begani.

"Kaka," akanong'ona, "kuna baridi humu."

Babu akamwambia atoe mkono.

"Kuna mtu amenishika." Akaegemeza shavu kwenye gome. "Hanivuti. Ananipa."

Babu alimkamata kiunoni, akavuta. Mkono ulitoka bila shida. Kiganjani kulikuwa na sega jeupe, jipya. Ndahani alilitazama, akalila lote. Yeye ambaye jana alikataa, leo hakumwachia ndege hata tone.

Tangu hapo mwili wake haukuhisi kitu. Kambini alishika kaa la moto akilisogeza mekoni, ngozi ikanuka, naye akaulizia chumvi. Babu alipomwita, aligeuka polepole, akatabasamu, pengo lake la chini likaonekana, maana vijana wa Kigogo wa siku zile waling'olewa meno mawili ya mbele. Babu alilala amemshika mkono, wa kulia kwa wa kulia. Alfajiri aliamka vidole vyake bado vimekunjwa. Havikuwa vimeshika mkono wowote.

Nyayo za Ndahani zilikwenda moja kwa moja hadi mningani. Hazikurudi. Tundu lilikuwa dogo. Kichwa cha mtoto kisingepita. Bwana Miwani, akitetemeka kwa homa, aliamuru mti ukatwe. Wakaukata. Tundu liliingia urefu wa mkono mmoja hadi begani, basi. Kwingine kote ulikuwa mti mgumu, mzima. Bwana Miwani akafunga daftari, akashuka pwani, wala hakuonekana tena.

"Nilitaka kulia, mjukuu wangu," babu aliniambia. "Nikatafuta machozi, hayapo."

Mkono wake wa kulia ulikufa ganzi tangu asubuhi ile. Nilikuwa naujua. Alikuwa akiipua chungu bila kitambaa, nasi watoto tulikuwa tukimtania, tukimchoma miiba, naye anatuangalia tu. Asali hakuila tena. Kila msimu wa maua aliweka sega kwenye jani nyuma ya nyumba, akasema, "Ndahani, nisamehe."

Babu alifariki mwaka ambao mvua iligoma. Asubuhi baada ya mazishi nilitangulia makaburini kufagia. Juu ya udongo mpya kulikuwa na jani bichi la mninga. Mkonze nzima haina mninga. Juu ya jani palikuwa na sega jeupe, asali inachuruzika. Nusu ilikuwa imeliwa, nusu imeachwa. Alama za meno zilikuwa wazi: ya juu yametimia, ya chini yana pengo katikati.

Nilisikia mama yangu, Emilia, akija na ufagio. Niliogopa asije akaliona siku ya msiba. Nikachimba haraka kwa vidole vya mkono wa kulia, nikalifukia lote.

Mama alipofika aliniuliza ni ndege gani yule aliyekaa juu ya msalaba, mbona kimya, mbona mkia wake una pengo. Nikamwambia simjui.

Kalamu hii naishika kwa kuitazama. Nikigeuza macho, siwezi kujua kama bado ninayo.