Kikanyagio cha Mjomba Kanuti

Mteuzi hakumuuliza mtu anapenda sauti gani. Watu wakiulizwa wanapenda nini hudanganya, na wapiga besi ndio waongo wakubwa kuliko wote, maana kila mmoja ana besi ya mwenzake kichwani anayoitamani. Kwa hiyo mashine ile haikuuliza kitu. Ilisikiliza tu, ikatazama ngozi.

Asubuhi hiyo, katika karakana ya Adelina pale Mji Mpya, Morogoro, dada mmoja wa bendi ya kanisa alikuwa amekaa kwenye kigoda, gitaa la besi mapajani, bangili ya kioo imembana mkononi. Mbele yake alisimama Mteuzi, mrefu kama kabati la vyombo, taa zake zikipepesa taratibu.

"Piga chochote," Adelina alimwambia. "Ule wimbo unaoujua hata ukiwa usingizini."

Dada akapiga. Mteuzi akaichukua sauti yake, akaipitisha kwenye mwangwi, akaitoa. Akaipitisha kwenye kibano, kile kinachozishusha noti kali na kuzipandisha noti nyonge mpaka zote zikawa kimo kimoja. Kisha akaanza kuionjesha mkwaruzo.

Mkwaruzo, kwa asiyejua, ni ile sauti ya gitaa iliyotiwa mchanga kooni. Mpiga solo akinunua kikanyagio cha mkwaruzo dukani, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu ili sauti ya gitaa ibadilike, anarudi nyumbani anacheka. Mpiga besi akikikanyaga hichohicho, anakiona cha moto! Uzito wote wa chini unaliwa, kinachobaki ni mlio wa nyuki kwenye debe. Kwa miaka mingi wapiga besi walihangaika hivyo, wananunua, wanajuta, wanauziana. Mteuzi alilitatua hilo kwa kuigawa sauti njia mbili: ya chini akaiacha safi, ya juu ndiyo akaikwaruza, halafu akazichanganya kidogo kidogo huku bangili ikichungulia ngozi ya mpigaji. Vinyweleo viliposimama, mashine ikasema, "Hapo."

Dada wa kanisa alikuwa amefumba macho, machozi yanamtoka. "Yesu wangu," alisema. "Hii ndiyo yenyewe."

Baada ya muda mfupi mashine ilimtolea kikanyagio chake, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, bado kina joto. Akaondoka nacho amekikumbatia.

Lakini kuchagua kulikuwa mwanzo tu. Kikanyagio cha Mteuzi kiliendelea kumsoma bwana wake kila siku alipokikanyaga. Kidole kikilegea, chenyewe kinaongeza nguvu. Noti ikichelewa, kinaiwahisha. Ikikosekana kabisa, kinaijazia kwa namna ambayo mpigaji mwenyewe angeipiga, maana kinamjua kuliko mkewe. Wahandisi wengine waliandika mambo mengi ndani ya mashine ile, ila sheria ya msingi aliitia Adelina kwa mkono wake mwenyewe: mpiga besi asipungukiwe. Aliitia kwa mapenzi, na aliyekuwa akimfikiria alipokuwa anaitia ni mjomba wake.

Mjomba Kanuti ndiye aliyemlea. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba si mgeni wa kuja na zawadi ya biskuti. Ni mwenye kauli. Mama yake Adelina alipofariki, Kanuti alimchukua, akamsomesha mpaka uhandisi, na yote hayo kwa vidole vyake vya kupigia besi kwenye kumbi za dansi. Kikanyagio cha kwanza kabisa kutoka kwa Mteuzi kilikuwa chake.

Alasiri hiyo akaingia karakanani, kakishika kikanyagio kwa mkono wa kulia. Nyuma yake alikuja Maziku, mpiga tumba na kiongozi wa bendi yao, Mnyamwezi mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe mnadani.

"Mhandisi," mjomba alisema, "mgonjwa wako huyu. Kameza vumbi la ukumbi, anakohoa."

"Shikamoo mjomba. Shikamoo mzee Maziku."

"Marahaba," alijibu Maziku. "Tena mimi nina kesi na wewe, binti. Huyu Mluguru ni mtani wangu. Zamani akikosea noti moja ukumbini, namcheka wiki nzima, nashiba bila kula. Umemtengenezea hilo dude, basi, hakosei tena! Mwaka mzima sina pa kumshikia. Utani gani huo?"

"Wivu," alisema mjomba. "Wanyamwezi mnakufa na wivu jamani."

Wakacheka wote watatu. Adelina alicheka kwa fahari, Mungu amsamehe. Siku za karibuni alikuwa ameona kwamba kikanyagio cha mjomba kinatia kibano kizito zaidi na mkwaruzo mzito zaidi, akajisemea kwamba mzee anarudia ujana wake, anapenda makelele.

Akakifungua kikanyagio, akaanza kukipuliza vumbi. Mjomba, ambaye hakuweza kukaa karibu na gitaa asiliguse, alichukua besi iliyokuwa ukutani.

"Chomeka moja kwa moja kwenye spika, mjomba. Piga kavu wakati unasubiri."

Akachomeka. Akapiga. Ukasikika mlio mdogo, kama mtu anayegonga meza kwa ncha ya kucha.

"Spika lako limekufa," mjomba alisema.

Adelina alimpa waya mwingine. Akapiga tena: tik, tik. Akasogea kwenye spika la pili. Akakagua nyuzi, akazikaza. "Na gitaa lenyewe bovu. Mnaning'iniza magitaa ukutani kama picha za harusi, yanakufa!"

Maziku akaanza kucheka, ndiyo kazi yake. "Kumbe spika zote mbili zimekugomea, Mluguru!"

"Lete hapa," alisema Adelina.

Alilichukua gitaa, hakubadilisha kitu, akapiga noti moja. Vioo vya madirisha vikatetemeka. Akapiga nyingine. Karakana nzima ikajaa.

Cheko la Maziku lilimkatikia mdomoni. Mjomba alimtazama Adelina, akautazama mkono wake wa kushoto, ule wa kubania nyuzi, akajaribu kuukunja. Kidole cha shahada kilikunjika nusu. Vile viwili vya mwisho havikukunjika kabisa.

Adelina hakuhitaji kuuliza. Alielewa papo hapo kile chombo kilichokuwa mezani pake kilikuwa kinafanya nini mwaka mzima.

Daktari wa mishipa ya fahamu waliyemwendea hospitali alikuwa mama mtu mzima, mpole, asiyezungusha maneno. Alimpima Kanuti kwa mashine zake, kisha akageuza kiti wakatazamana.

"Mishipa inayotoka shingoni kwenda mikononi imebanwa, mzee wangu. Ugonjwa huu ukija mapema tunaifungua, na mkono unarudi. Wako umeshakauka misuli. Wa kushoto sitaweza kuurudisha. Wa kulia nao umeanza, na sitaki kukudanganya, utafuata."

"Utafuata," alirudia mjomba.

"Ninachoshangaa ni kimoja. Nimewatibu wapiga magitaa, na wao hunijia mapema kuliko mtu yeyote. Kabla hajashindwa kufunga kifungo, mpiga gitaa anasikia noti zake zinamkimbia. Wewe hukusikia?"

"Vifungo vilinishinda," mjomba alisema polepole. "Na kikombe kilinidondoka mara mbili tatu. Nikasema uzee huu. Halafu jioni nashika gitaa, napiga kama kijana, daktari. Nilikuwa najisikia kwa masikio yangu mwenyewe! Nikajua basi, mkono ni mzima. Mkono mgonjwa ungepigaje vile?"

Adelina ndiye aliyejibu, kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa ni yake.

"Haukuwa mkono, mjomba. Kilikuwa kikanyagio. Kila ulipopungukiwa, kiliongeza."

Walirudi kwa miguu, mjomba mbele, Adelina nyuma. Vigari visivyo na dereva viliwapunguzia mwendo, vikawapisha kwa adabu. Walipofika kwenye daraja la mto Morogoro, mjomba alisimama, akageuka, na Adelina aliona uso ambao hakuwahi kuuona tangu akiwa mtoto. Alikuwa amekasirika.

"Ungeniacha nikosee, mwanangu!" alisema. "Kwa nini hukuniacha nikosee? Ningekosea, Maziku angenicheka mbele ya watu, ningeona aibu, ningekwenda hospitali. Hivyo tu. Watu wamekosea tangu gitaa lianze kupigwa, na hakuna aliyekufa kwa kukosea!"

"Nilitaka usiaibike."

"Najua ulichotaka."

Adelina alilia pale darajani bila kujificha, mtu mzima, mhandisi, mwenye cheti ukutani. Mjomba alimtazama mpaka hasira ikamwishia. Kisha akamvuta kichwa, akamwegemeza begani, kwa mkono uleule wa kulia ambao nao ulikuwa njiani kuondoka.

"Basi," alisema. "Basi, mama."

Siku ya pili Adelina aliwaandikia wote wenye vikanyagio vya Mteuzi wavizime, wapige kavu, kisha wajisikilize. Wachache waliitikia. Wengi walimjibu kwamba wana maonyesho, na kwamba kavu inawaumiza masikio.

Mjomba naye alikuja na ombi lake. Jumapili kulikuwa na bonanza la alasiri, la familia, nyama choma na watoto. Alitaka kupiga mara moja ya mwisho, awaage watu.

"Na kikanyagio?" Adelina aliuliza.

"Na kikanyagio. Vidole vya kulia bado vinanisikia kidogo. Nipe hicho kidogo."

Hakuweza kumnyima.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka uani. Adelina alikaa kwenye meza ya sauti, kikanyagio cha mjomba kikiwa mbele yake, maana mjomba alisema haamini tena hata mguu wake. Wimbo wa kwanza ulikwenda. Wa pili ukanoga, kina mama wakafunga khanga viunoni wakaingia kati. Besi ya Kanuti ilitembea chini ya wimbo kwa ule mtindo wake, inachelewa kidogo kama inayotaka kusahau, halafu inawahi, na watu wanapiga vigelegele.

Katikati ya wimbo wa tatu, mkono wa kulia wa mjomba uliteleza kutoka kwenye nyuzi, ukaning'inia ubavuni.

Besi iliendelea.

Ilipanda, ikashuka, ikachelewa, ikawahi. Ilikuwa nzuri kweli. Hakuna aliyeinua macho. Mjomba aliutazama mkono wake, akalitazama spika. Alikuwa anajisikiliza akipiga, na hakuwa anapiga.

Akageuza uso kwenye meza ya sauti, akatikisa kichwa. Zima.

Adelina akakizima.

Wachezaji walipepesuka kama watu walioikosa ngazi gizani. Magitaa ya juu yalibaki yanalia peke yao, membamba. Mtu akapiga mluzi. "Besi!" wakaanza. "Besi iko wapi? Fundi! Fundi umelala!" Maziku alizipiga tumba kwa nguvu zote kuziba pengo, jasho na machozi vinamchuruzika pamoja. Mjomba alirusha mkono juu kwa bega, akauangusha kwenye nyuzi, mara moja, mara mbili. Adelina aliisikia noti ile kwa sababu alijua pa kuisikilizia. Ilikuwa noti sahihi. Ukumbi haukuisikia.

"Tunataka besi!"

Mjomba alisogea ukingoni mwa jukwaa, karibu na meza. "Washa," alisema.

Adelina alikataa kwa kichwa.

"Washa, mwanangu. Watu wamekuja kucheza. Sitawaharibia Jumapili yao kwa ajili ya mkono wangu."

"Mjomba, nikiwasha ndiyo umeondoka."

"Nimeshaondoka. Ni wewe tu hujakubali."

Akawasha.

Ukumbi ulilipuka kwa furaha. Besi iliingia pale pale ilipotakiwa kuingia, nzito na tamu. Mjomba alimwinamishia Maziku bega, Maziku akaacha tumba kwa mkono mmoja, akamvua mkanda wa gitaa shingoni. Kanuti akashuka ngazi za jukwaa polepole, mikono yake yote miwili imening'inia, na Adelina akaiacha meza, akamkimbilia, akamshika kiwiko.

Walipita katikati ya wachezaji, kwa sababu mlango wa kutokea ulikuwa upande wa pili. Walipigwa vikumbo. Hakuna aliyewapisha. Nyuma yao besi ilikuwa inafanya ile sehemu ambayo Kanuti aliitunga mwaka alipomchukua Adelina nyumbani kwake, na watu wote waliijua, wakawa wanaiimba kwa midomo, dum, dum-dum.

Karibu na mlango binti mmoja aliyeloa jasho, anacheka, alimzuia mzee kwa mikono miwili na kumyumbisha mabega.

"Babu, unakwenda wapi sasa? Si ucheze! Husikii anavyopiga?"

Mjomba Kanuti alisimama kidogo, akageuza sikio ukumbini.

"Namsikia, mjukuu wangu," alisema. "Anapiga vizuri."