Hewa ya Wizi

Keki ya harusi haipendi kutikiswa. Hilo alilijua kila mtu aliyewahi kuoka, ila gari lile la turbo lilikuwa halijaambiwa. Lilikuwa limesimama kwenye taa za barabarani, saa ya watu kutoka kazini, huku pikipiki zikipenya kila upenyo, nalo linatetemeka kama mwenye homa. Kwenye kiti cha nyuma, keki ya ngazi tatu ilikuwa imeanza kuinamisha shingo.

"Shetani wa chuma we!" mwenye gari alifoka, akipiga usukani. "Ukikimbia umetulia, ukisimama unatapatapa! Nani kakuloga?"

Alikuwa mpika keki wa mtaa, na mtaa ulimwita Bi Keki: mwanamke wa mashavu mema, kilemba cha njano, unga haukosi kwenye kiwiko. Hasira zake zilipanda upesi kama hamira.

Kioo kikagongwa. Nje alisimama mwanamume mrefu, ovaroli ya bluu iliyopauka kwa kufuliwa, mkate kwapani.

"Dada, injini yako inavuta hewa ya wizi."

"Na wewe ni nani, askari wa hewa?"

"Fundi. Nimelisikia kabla sijaliona. Lakini keki kwanza. Nipe niipakate, wewe endesha polepole."

Mtu humjui, unampa keki ya watu? Bi Keki alimpa. Yule bwana akaipakata mpaka ukumbini kama anapakata kichanga, hapumui, na ovaroli yake haikuigusa hata kwa uzi. Bibi harusi hakujua alinusurika na nini.

Kesho yake Bi Keki akalipeleka gari kwenye karakana ya yule fundi, nyuma ya duka la matairi. Wenzake walimwita Masikio, na sababu ilionekana mara moja: alichukua kipande cha mpira mrefu, ncha moja akaitia sikioni, nyingine akaipitisha juu ya mabomba ya injini, taratibu, kama daktari juu ya kifua. Mahali pamoja akasimama.

"Njoo usikie."

Bi Keki akainama. Sssss. Kama nyoka aliyejificha.

"Kompyuta ya gari hupima hewa inapoingia, ikatoa mafuta ya kiasi hicho," alisema Masikio. "Hii imepenya ubavuni, haikupita mlangoni. Ukiwa kwenye mwendo kosa hilo humezwa, hulioni. Ukisimama, injini inababaika, haijui ifuate hesabu ipi. Klipu inayoubana huu mpira wa kurudishia hewa imelegea, basi."

Akaikaza kwa spana ndogo. Gari likatulia, likanguruma kwa sauti moja nzito.

"Na kelele za moyo wangu je, umezisikia?" Bi Keki alitania, halafu akajishangaa mwenyewe.

"Hizo nitazipima kwa simu, ukinipa namba."

Basi mapenzi yakaingia, nayo hayakupita mlangoni. Asubuhi simu: "Mpenzi, umeamka?" "Nimeamka tangu alfajiri, mimi si fundi wa kulala." Mchana simu: "Laazizi, nimekula keki yako, nimeng'ata na karatasi." "Mlafi wewe!" Jioni alimpitia karakana, gauni la maua, viatu mkononi kwa sababu ya oili chini, wakaketi juu ya tairi kuukuu wakacheka hovyo.

Ila gari halikupona. Wiki moja salama, Jumatatu inayofuata linatetemeka. Masikio analikaza, linatulia. Jumatatu nyingine, tena. Mara ya pili fundi alipoinuka kutoka chini ya boneti alikuwa kimya, akamtazama Bi Keki kama mwenye neno, kisha akalimeza.

Aliyesema lake alikuwa kaka mtu. Baba yao alikwisha kufariki, na kaka huyu ndiye aliyebaki mkubwa wa nyumba: shati limepigwa pasi, miwani myeusi hata sebuleni. Kila Jumapili aliazima gari kwenda kumsalimia mama yao.

"Mdogo wangu, fumbua macho," alisema, akijikatia kipande cha keki ambacho hakupewa. "Gari gani linapona na kuugua kama mtoro wa shule? Huyo fundi anakulegezea klipu makusudi ili urudi. Amekufanya ng'ombe wa kukamuliwa."

"Hanitozi hata senti!"

"Si pesa anayotaka, mjinga wewe."

Neno lile likamkaa rohoni kama mfupa kooni. Jumatatu gari lilipotapatapa tena na keki ya mteja ikaanguka kifudifudi, Bi Keki aliingia karakana bila salamu. Fundi wa rangi alikuwapo, mzee wa breki alikuwapo, na wateja watatu.

"Wewe!" alimnyooshea kidole Masikio. "Mwongo! Unaniharibia gari ili unione! Kama ulitaka mke ungesema, si kunifunga kwa klipu kama mbuzi!"

Karakana nzima ikageuka. Masikio akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza! Jitetee!"

Masikio akakikunja kitambaa. "Sina la kusema, dada."

Dada! Yeye aliyekuwa laazizi. Akaondoka akilia kwa hasira, gari likitetemeka naye.

Wiki ile simu haikulia. Bi Keki alipika, keki zikatoka ngumu. Wateja wakasema, naye akawajibu vibaya. Jumapili kaka akachukua gari kama kawaida, hivyo yeye akatembea kwa miguu kupeleka boksi la keki ndogo mtaa wa pili. Alikuwa anasubiri kuvuka barabara aliposikia: vuuum... PSSSHHH! Mluzi mkali wa hewa, mbwa wakabweka. Vijana wa kijiweni wakashangilia, "Rudia, bosi, rudia!"

Gari lake. Na ndani yake, miwani myeusi, kiwiko dirishani, mkubwa wa nyumba.

Boksi lilianguka. Bi Keki alisimama katikati ya njia, mikono imetanuliwa, kaka akakanyaga breki nusura amgonge.

"Fungua boneti."

"Mdogo wangu, watu wanatazama—"

"Fungua!"

Pale Masikio alipokuwa akikaza kila mara, palikuwa na kidude kinachong'aa kama kikombe cha ushindi, cha kupigia mluzi. Kinamwaga nje hewa iliyokwisha kupimwa, ili barabara nzima ijue kuna turbo. Sasa Bi Keki alielewa: kila Jumapili kaka alikifunga. Kila jioni alikifungua, akarudisha mpira kwa bisibisi, haraka haraka, klipu ikabaki nusu. Mdomo wa mpira ulikuwa umekwanguliwa mpaka umepasuka.

"Na mama? Umemsalimia lini mama?"

Kaka akavua miwani. Kwa mara ya kwanza alionekana mdogo.

Bi Keki akampigia Masikio papo hapo, bado barabarani.

"Ulijua?"

"Tangu mara ya pili. Mimi nakaza kwa spana. Nilikuta mikwaruzo ya bisibisi, na anayeliazima gari kabla ya kila Jumatatu ni kaka yako."

"Ukaniacha nikutukane mbele za watu!"

"Yule ndiye ningemwendea kukuposa. Leo nimwite mharibifu, kesho nimbishie hodi?"

Bi Keki alikata simu. Hasira ilikuwa imebadili njia tu, haikupungua.

Jumatatu aliingia karakana. Fundi wa rangi akaweka brashi chini. Mzee wa breki akasogea karibu, asipitwe.

"Nilimwita huyu mwongo hapa hapa," alisema Bi Keki. "Nilikosea. Aliyelegeza ni kaka yangu. Naomba radhi, nanyi ni mashahidi." Kisha akamgeukia. "Sasa wewe! Ulinipima nikaonekana siwezi kubeba ukweli! Ulilinda heshima ya mtu mwenye miwani, mimi ukaniacha na aibu. Nitaishije na mwanamume anayemwogopa shemeji kuliko anavyonipenda?"

"Hapo amekupata," alisema mzee wa breki.

Masikio alitoa simu, akabonyeza, akaiweka juu ya boneti sauti ikiwa wazi.

"Halo?" kaka mtu aliitika.

"Shikamoo, kaka. Ni fundi. Umeharibu mpira wa gari la dada yako, na umeniharibia jina. Hilo nalisema kwanza. La pili, Jumamosi nakuja kumposa."

Simu ikakohoa. "Marahaba... Njoo. Jina lako nitalisafisha mwenyewe, mbele ya mama."

Karakana ikapiga kelele. Bi Keki peke yake hakucheka.

"Umemwambia yeye. Umeniuliza mimi?"

Masikio akapiga goti pale pale kwenye oili. "Nakuuliza wewe. Utanikubali?"

"Ndiyo," alijibu kwa ukali ule ule aliokuja nao. "Lakini bado nimekasirika."

"Kasirika, mpenzi. Kasirikia nyumbani kwetu."