Darmi Hakugeuka

Kila Jumatano wanafunzi wa darasa la sita walisogeza madawati wakaketi wannewanne. Mwalimu Salama alikuwa ameutoa mtindo huo kwenye semina ya walimu mjini Garsen: kikundi kifanye kazi moja, na maksi wagawane sawa.

Loise alikuwa kiongozi wa kikundi chake. Alikuwa na Hiribae, Mumina na Darmi, msichana aliyehamia kijiji cha Idsowe na mama yake mwaka ule wa 1998, baada ya mafuriko kuwamalizia ng'ombe. Darmi hakusema kitu. Akiulizwa, alitabasamu tu.

"Hata nikimsemesha Kiorma, lugha yetu, hanijibu," Mumina alilalamika.

"Anajivuna," Hiribae akasema. "Atatufelisha."

Basi wakampa mgongo. Jumatano moja Mwalimu Salama alipoona daftari la Darmi ni jeupe, aliuliza sababu. Loise akasimama.

"Mwalimu, tumemwambia mara tatu. Anakataa kufanya kazi."

Ulikuwa uongo mtupu. Darmi aliamriwa atoke nje, lakini hakuinuka mpaka mwalimu alipomwonyesha mlango kwa kidole. Alitoka machozi yakimlengalenga. Loise akainamia daftari lake, akaendelea kuandika.

Jioni ilikuwa zamu yao kumwagilia sukuma wiki za shule. Wasichana walishuka mtoni na ndoo, Hiribae akabaki juu ya ukingo kuwapokea. Mara akapiga yowe.

"Mamba! Tokeni! Mamba!"

Mumina alitupa ndoo akakimbia. Loise aliparamia ukingo kwa mikono na magoti. Akageuka. Darmi alikuwa bado ameinama, akisukuma majani kando ili achote maji safi. Hatua chache mbele yake, chini ya kivuli cha matete, macho mawili yalikuwa yakielea, yakimsogelea kimyakimya.

"Darmi! Darmi wee!" wote watatu walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka.

Darmi hakugeuka. Hapo Loise akaelewa. Hakuna mtu wa kumjivunia mamba.

"Hasikii!" aliwaambia wenzake. "Jamani, hasikii!"

Aliokota bonge la udongo akalirusha kwa nguvu zake zote. Likampiga Darmi begani. Darmi akageuka kwa hasira, akaona mikono ya Loise ikimpungia, akaruka nyuma. Maji yakapasuka. Meno yakafunga juu ya ndoo, ikavunjika kwa mlio kama wa mti unaokatika.

Darmi alipofika juu, Loise alimkumbatia akalia.

Mwalimu Salama alikuja mbio, na mama yake Darmi, aliyesikia kelele, nyuma yake.

"Alishikwa na homa kali wakati wa mafuriko," mama alieleza huku akimpapasa mwanawe. "Sikio moja limekufa, la pili linasikia kidogo tu. Nilificha, mwalimu. Niliogopa mtamkataa shule."

Loise alimgeukia mwalimu. "Mwalimu, nilikudanganya. Hatukumwambia Darmi kitu. Hatukumpa hata swali moja."

Mwalimu Salama alisawijika uso. "Nami nilimwadhibu bila kumuuliza," alisema. Akamshika Darmi mabega, akamtazama usoni, akasema polepole, "Nisamehe, mwanangu."

Darmi aliitazama midomo yake, akatikisa kichwa kukubali.

Tangu siku hiyo Darmi aliketi dawati la mbele. Aliyezungumza naye alimwelekea, na Hiribae alimwandikia maswali kwenye karatasi. Jumatano iliyofuata walishangaa: hesabu za sehemu zilizowashinda wote, Darmi alizikokotoa kabla hawajanoa penseli. Walipata kumi na nane kwa ishirini.

Mwalimu Salama aliwarudishia karatasi yao, kisha akaligeukia darasa zima.

"Kukaa pamoja si kufanya kazi pamoja," alisema. "Mwenzenu akinyamaza, msimpachike jina. Mwulizeni kwanza anahitaji nini. Na msimseme mtu kwa uongo, maana uongo mdogo wa darasani ulituficha kwamba mwenzenu hasikii, na nusura apotee mtoni."