Gari Lililogonga Likipanda Mlima

Mwili wa Lesiamon ulipatikana saa nne asubuhi katika mtaro wa barabara ya murram isiyo na lami, nyuma ya Isinya. Mguu ulikuwa umevunjika, shuka lake jekundu limechanika. Nyasi zilizomzunguka zilikuwa zimeng'olewa kwa vidole.

"Hakufa mara moja," alisema daktari wa polisi. "Aligongwa alfajiri. Damu ilimwisha polepole."

Inspekta Evalyne Ndanu wa Kajiado alichutama, akaziangalia nyasi zile.

Kufikia mchana, vijana wa kijiji walikuwa wamemburura mshukiwa hadi kituoni. Alikuwa Makau, mchuuzi wa nyanya kutoka Loitokitok, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Jirani wa hapo barabarani alisikia gari ambalo injini yake inagonga likipita alfajiri, na injini ya pikapu ya Makau ilikuwa inagonga. Kwao hiyo ilitosha.

"Mshtaki, madam," alisema Tajeu, ndugu wa marehemu. "Ama unamficha kwa sababu ni Mkamba mwenzako?"

"Nikifunga mtu asiye na hatia, aliyemuua ndugu yako atabaki barabarani. Unataka hivyo?"

Tajeu alitema mate kando, akaondoka.

Ndanu alimwendea yule jirani, Nasieku, ambaye alfajiri hiyo alikuwa akikamua mbuzi.

"Takwenya, yeyo," alimsalimu mama huyo kwa Kimaasai.

"Iko," aliitikia Nasieku.

"Hilo gari lilikuwa linalia namna gani?"

"Kama changarawe kwa mkebe. Linapanda mlima, linalia tu. Kufika juu, likanyamaza."

"Injini ilizima?"

"Hapana. Injini nasikia. Changarawe hakuna."

Ndanu alirudi kituoni, akaagiza pikapu ya Makau iwashwe. Ko, ko, ko. Ilikuwa imesimama, haina mzigo, na bado iligonga. Beringi za ndani zilikuwa zimelika, na beringi zilizolika hazinyamazi kwa sababu mlima umeisha. Gari la Nasieku lilikuwa na ugonjwa mwingine: petroli mbaya, inayolipuka kabla ya wakati wake injini inapobanwa na mlima.

"Sasa naenda nyumbani, madam?" Makau aliuliza.

"Bado. Huko nje watakumaliza."

Kesho yake alizunguka gereji za Kitengela na swali moja. Fundi Bedan hakulipenda.

"Madam, hapa kila gari ni mgonjwa. Ukitaka nzima nenda kanisani, zimeegeshwa huko."

"Bedan. Linalogonga likipanda."

Fundi alifuta mikono. "Mzee Wachira, yule wa kuuza nyasi. Jana alileta pikapu yake. Aliuziwa petroli ya mitungi, imetiwa mafuta ya taa. Nilimwaga tangi, nikabadilisha plagi, nikarudisha taiming ya cheche nyuma kidogo. Sasa inapanda kimya kabisa."

"Uliyomwaga iko wapi?"

"Iko kwa jerikeni. Naoshea vyuma."

"Gari lake likiletwa, irudishe kwenye tangi. Taiming nayo iweke ilivyokuwa."

Pikapu ya Wachira ilichukuliwa na polisi, na Bedan akafanya alivyoambiwa. Ndanu alimketisha Nasieku nyuma ya ua wa miiba, mahali asipoona barabara. Likapita gari la polisi. Ikapita pikapu ya Makau. Nasieku alitikisa kichwa. Ilipopanda ya Wachira, aliinuka kabla hajaulizwa.

"Ni hilo."

Chini ya bampa ya mbele ya pikapu hiyo, kwenye nati, zilikuwa zimenasa nyuzi nyekundu za shuka.

Wachira aliketi mbele ya Ndanu, kofia mapajani.

"Binti yangu Caro alikuwa na uchungu wa kuzaa," alisema. "Damu inamtoka. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho. Huyo mtu akatokea gizani. Ningesimama, Caro angenifia garini."

"Alifika hospitali?"

"Alifika. Mtoto ni mvulana."

"Mimi pia nimezaa, mzee. Hilo naweza kulielewa. Ulirudi nyumbani kwa barabara gani?"

Wachira aliiangalia kofia.

"Nimekuuliza."

"Hiyo hiyo."

"Jua lilikuwa limetoka?"

"Lilikuwa limetoka."

"Ulimwona?"

"Aliinua mkono."

"Ukafanya nini?"

"Nilipunguza mwendo. Nikafikiria, huyu akipona atanitaja. Nikaingiza gia, nikaenda."

"Ulipokwenda ulikuwa na Caro. Ulipokuwa ukirudi ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

Ndanu aliandika jibu hilo kama lilivyotamkwa, akamsukumia kalamu atie sahihi.