Ngoma ya Torjus

Ilianza kanisani. Jicho la kushoto la Torjus lilimkonyeza mke wa mchungaji mara tatu, mwenyewe hana habari. Njiani kurudi, mdogo wake Bjug alimtania. "Kaka, na mkeo amekaa ubavuni?" Hata Gyro, mkewe Torjus, alicheka.

Kicheko kiliisha kabla ya kiangazi. Bega la Torjus likawa linaruka lenyewe, miguu inakanyaga mbao za sakafu akiwa ameketi, na chumba kikanuka chuma kilicholowa. Bonde lote lilijua jina la ugonjwa huo: rykkja, jini mnyakuzi. Lilitajwa kwa kunong'ona. Ndilo lililomuua baba yao Torjus na Bjug, lakini nyumbani humo jambo hilo halikusemwa.

Mwaka wa pili, siku ya kukata majani ya ng'ombe, mkono wa Torjus ulirushwa pamoja na mundu wake mrefu. Ukampata Gyro, ukamchana mkono hadi mfupa. Torjus alilia kwa upande mmoja wa uso; upande wa pili ulikuwa ukicheka.

Daktari alikuja kwa farasi kutoka pwani. Alimshona Gyro, akamtazama Torjus kwa muda mrefu, kisha akaandika kitabuni. Gyro alitaka kujua ameandika nini.

"Chorea," alisema daktari. "Ni neno la Wayunani, maana yake ngoma. Zamani wagonjwa hawa walipelekwa kuombewa kwa Mtakatifu Vitus, ndiyo maana hata sisi madaktari tuliiita ngoma ya Vitus."

"Na dawa yake, bwana daktari?"

Alifunga kitabu. "Jina ninalo, mama. Dawa sina."

Bjug akaenda kumleta Ragnhild, mganga aliyefukuza majini kwa kuyeyusha madini ya risasi na kuyamimina ndani ya maji juu ya mgonjwa. Walimlaza Torjus sakafuni kando ya meko, Bjug akamkalia miguu, Gyro akashika bakuli la maji juu ya kichwa cha mumewe kwa mkono wake mzima. Risasi iliyoyeyuka ilipoingia ndani ya maji na kulia kama paka aliyekanyagwa, mwili wa Torjus ulipinda ukamtupa Bjug ukutani, ngumi ikavunja taya la mganga, na kichwa kikaanza kujigonga kwenye jiwe la meko, tena na tena, damu ikiruka hadi kwenye aproni ya Gyro aliyekuwa akikivuta kwa nywele bila kukiweza, huku sauti isiyo ya mumewe ikisema taratibu kinywani mwake: "Mniite rykkja, mniite ngoma. Nyumba ni yangu."

Kisha akatulia. Alikuwa amekufa.

"Limetoka," Ragnhild alisema huku damu ikimtoka kinywani, akaondoka bila kunywa hata maji.

Siku ya mazishi wanaume sita walibeba jeneza, Bjug akiwa mbele. Gyro, aliyefuata nyuma, alisikia mbao zikigongwa. Aliwaomba walishushe, walifungue. Mchungaji alikataa, Gyro akaking'oa kifuniko mwenyewe. Torjus alilala kimya, kidevu kimefungwa kitambaa, hajatulia hivyo kwa miaka miwili.

Mlio ule wa kugonga haukukoma. Watu walirudi nyuma, mmoja mmoja. Mkono wa kulia wa Bjug ulikuwa ukingoni mwa jeneza, vidole vikipiga mbao kimoja kimoja.

"Shemeji," Gyro alinong'ona, "acha."

Bjug alimtazama bila kuelewa.

"Niache nini?"