Rangi ya Ganda la Kitunguu

Kila asubuhi kabla ya shule, Sabuni alimsaidia mama yake kukunja nguo za watu. Mama yake alikuwa dobi, na chumba chao kilinukia pasi ya mkaa na nguo mbichi. Shati lilikunjwa mikono ndani, kola juu. Kabla halijawekwa kwenye furushi lake, mama aliligeuza mwangani.

"Ukiona doa, litoe hapo hapo," alikuwa akisema. "Usiniambie baadaye, binti yangu. Baadaye ndiyo inayonipotezea wateja."

Hivyo ndivyo mkono wa Sabuni ulivyozoea. Mfukoni hakukosa kitambaa cheupe, na darasani alifuta dawati lake na la jirani bila kuombwa. Jina la Sabuni alipewa na Mdomo, mvulana wa darasa lao ambaye alisema lolote lililomjia. Darasa zima likalidaka, na hakuna aliyekumbuka tena kumwita jina lake.

Siku hiyo mwalimu aliwapeleka kuona nyumba ya mchoraji aliyefariki, ambayo sasa ilikuwa makumbusho. Mtaa wenyewe ulikuwa wa ajabu: nyumba nyekundu imebanana na ya manjano, ya kijani imeegemea ya buluu, na milango nayo kila mmoja na rangi yake.

"Sabuni," Mdomo alisema, "ukuta ule umechafuka rangi. Hebu kaufue."

Wenzake wakacheka. Sabuni akatazama viatu vyake. Moyoni alimwombea Mdomo siku mbaya.

Mlangoni alisimama dada wa yule mchoraji, bibi mrefu mwenye funguo shingoni. Hakuwakaribisha.

"Miguu," alisema. "Panguseni. Wewe pia, Mwalimu. Mikono nyuma, na asiyejua nyuma ni wapi abaki nje. Humu hakiguswi kitu."

Ndani kila kitu kilikuwa kama mwenyewe alivyokiacha. Aproni ilining'inia msumarini, imekakamaa kwa rangi. Kigoda kilikuwa na mto uliobonyea katikati. Mdomo alivuta brashi moja kutoka kwenye kopo, na bibi akaiona hata kabla haijatoka yote.

"Rudisha. Nimeshakushika sura."

Kisha akawaongoza chumba cha pili kuona kitanda. Watoto walisukumana mlangoni, Mdomo akiwa wa mwisho, na Sabuni akabaki nyuma kwa kuwa hakupenda kukanyagwa. Akasogea dirishani. Juu ya kizingiti cha dirisha palikuwa na madoa ya rangi, yamepangana kama vifungo vya shati. La mwisho lilikuwa zambarau iliyopauka, kama ganda la kitunguu, na lilikuwa limechuruzika kidogo pembeni.

Mkono wake haukungoja kichwa. Alitoa kitambaa, akakilowesha mate, akasugua. Ilikuwa chokaa tu iliyotiwa rangi, ikatoka yote mara moja. Akakunja kitambaa, akakirudisha mfukoni, akaridhika.

Punde mlango wa mbele ulifunguliwa kwa kishindo. Aliingia mzee mmoja na ndoo, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni. Alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya ng'ambo.

"Nimeshakwangua ukuta wote," alimwambia bibi bila salamu. "Nichanganyie rangi yangu."

"Una adabu kweli, Fundi. Wageni hawa huwaoni?"

"Wageni hawakai kwenye nyumba yenye ukuta uchi."

Bibi akapumua kwa nguvu, akawageukia watoto. "Basi sikieni. Kila nyumba mtaani hapa ilichaguliwa rangi na marehemu kaka yangu pamoja na mwenye nyumba. Walipokubaliana, alitia tone pale dirishani. Ukuta ukichakaa, mwenyewe anakuja, nachanganya hadi ifanane na tone lake. Hapa si mahali pa kutazama tu."

Wakasogea dirishani. Mwisho wa mstari palikuwa na unyevu, hapana tone.

Fundi akaweka ndoo chini. "Umelifuta."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Kwa ajili ya ule ugomvi wa maji ya paa lako yanayotiririka mtaani hadi barazani kwangu. Ukakaa, ukatafuta pa kuniumiza."

"Ningetaka kukuumiza ningekuambia mashati yako yalivyo." Bibi akageuka. "Nani alibaki chumba hiki?"

"Mdomo," sauti kadhaa zilisema. "Ndiye aliyeshika brashi."

"Nilishika brashi tu," Mdomo alisema. "Dirisha sikuligusa."

"Leo ndiyo siku ya kusema kweli?" mwalimu aliuliza. "Ziara hii ndiyo yako ya mwisho, na kesho uje na mzazi."

"Na shule yenu isirudi tena," bibi akaongeza. "Shule yoyote. Nafunga."

Sabuni alihisi kitambaa kinamlowesha paja. Aliomba ruhusa ya kwenda bombani, na hakuna aliyemtazama.

Uani palikuwa na bomba na kipande cha sabuni. Akakunjua kitambaa. Rangi ilikuwa imejaa kwenye mkunjo, nzito kama uji. Mtoto wa dobi alijua kazi hii: maji baridi, sabuni kidogo, kufikicha kidogo, basi. Hata mama yake asingeona kitu. Akafungua bomba.

Kupitia dirisha alimsikia Mdomo. "Kweli, Bibi. Sikuligusa." Sauti haikuwa na mzaha hata chembe, na hakuna aliyemwamini. Sabuni akawaza: mwache naye aonje.

Kisha akasikia sauti ya fundi, sasa ya chini. "Mke wangu alikaa kwenye kigoda kile. Ongeza kidogo, punguza kidogo, hadi kaka yako akataka kumfukuza. Yeye hayupo, kaka yako hayupo. Mimi rangi hiyo nitaitoa wapi?"

Sabuni alitazama kiganjani mwake. Rangi hiyo ilikuwa hapo. Akafunga bomba, akaingia ndani na kitambaa kikiwa wazi mkononi.

"Ni mimi," alisema. "Nilidhani ni uchafu."

Mdomo alimkodolea macho.

"Uchafu," bibi alirudia, akamnyang'anya kitambaa. "Kwangu. Niliwaambia msiguse, au masikio nayo umeyafua?" Lakini alikuwa ameshakitandaza juani. Kilipokauka, alichanganya chokaa na unga wa rangi, akaijaribu kwa kupaka kipande cha bati, na fundi akasimama begani kwake.

"Imezidi wekundu."

"Nina macho, Fundi."

Walibishana hadi bati na kitambaa vikawa kitu kimoja. Fundi akatazama kwa muda mrefu. "Ndiyo," alisema, akabeba ndoo yake. "Maji ya paa tutaongea kesho."

Bibi alimpa Sabuni brashi ndogo, akamshika kifundo cha mkono, wakatia tone jipya mahali pa lile la zamani.

"Nisikilize, binti. Bado nimekukasirikia. Ulifuta bila kuuliza, hilo ni kosa. Lakini kosa hilo lilikuwa na dawa, na dawa ulikuwa umeishika mwenyewe. Ungekificha kitambaa hiki na kukifua, huyu mwenzako angelipa deni lisilo lake na fundi angepotelewa na rangi yake moja kwa moja. Ukikosea, sema mapema, kungali na kitu cha kuokoa." Akamgeukia Mdomo. "Wewe, brashi uliigusa. Dirisha nilikusingizia."

"Nasi sote," mwalimu alisema. "Kesho uje peke yako, mzazi hatakiwi."

Kitambaa hakikurudi. Bibi alikipigilia msumari kando ya dirisha.

Njiani hakuna aliyetembea na Sabuni. Ng'ambo, fundi alikuwa ameanza kupaka. Sabuni alisimama kutazama, na Mdomo akaja nyuma yake.

"Ulichelewa kusema," alisema.

"Najua. Nisamehe."

Mdomo akageukia nyumba ya fundi. Alitazama ukuta, akakunja uso. "Na yenyewe si ile. Imekolea mno."

"Bado mbichi," Sabuni alisema. "Ngoja ikauke."

Wakasimama kungoja, mpaka mwalimu akawaita mara ya pili.