Kola Haikubadilika

Mke wangu ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na ukutani zimetundikwa karatasi za kukatia mashati. Mimi ni mpaka rangi. Hunitania kwamba nikishika mkasi, shati litatoka na mikono mitatu.

Asubuhi ile hakunitania. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akakosa. Akajaribu tena, akakosa. Mara ya tano akaiweka chini, akanywa maji, kisha akanywa tena.

"Naona ukungu," akasema.

Ana kisukari, na hujidunga insulini kila siku. Nikaenda kutazama dawa yake. Haikuwa imeguswa kwa siku tatu. Niliogopa sana.

"Mama watoto, umeacha dawa?"

"Mteja kaniambia inatoka kwa nguruwe. Mwingine kasema inatoka kwa vijidudu. Nikijidunga vitu vya viumbe vingine, si nitageuka kiumbe kingine? Bora nife nikiwa mtu!"

Nikakimbia kumwita jirani yetu, muuguzi. Alikuja na mswaki bado mkononi. Akampima sukari.

"Dada, iko juu sana. Twende zahanati sasa hivi."

"Siendi."

Muuguzi hakugombana naye. Alitazama ukutani. "Mbona karatasi hizi hazifanani?"

Fundi akiulizwa kazi yake hanyamazi. "Ile ya pembeni ni ya mama yangu. Mimi nilinakili yake. Mwanafunzi wangu akanakili yangu, na mwingine akanakili ya mwenzake. Kila mara mkasi unateleza kidogo. Huyu mikono imepanuka, yule bega limeshuka."

"Lakini kola zote ni sawa."

"Aa, kola! Ukiikosea, kichwa hakipiti. Mteja anarudisha shati, na karatasi hiyo naitupa. Hainakiliwi tena."

Muuguzi akacheka. "Basi somo unalijua. Ndani ya kila kiumbe mna maelekezo ya kujenga mwili. Yanaitwa jeni. Wazazi huwapa watoto nakala, na nakala huwa na makosa madogo. Kosa baya sana halirithiwi, maana mwenye nalo hafiki kuzaa. Kosa lisilodhuru linaweza kubaki. Linalosaidia huenea. Kwa mamilioni ya miaka, wazao wa babu mmoja wa kale wakawa watu, nguruwe na ng'ombe. Ila insulini ni kama kola: ikikosewa, mwenye nayo haishi. Ina vipande hamsini na kimoja, na ya nguruwe inatofautiana na yetu kwa kipande kimoja tu. Ndiyo maana zamani ilitibu watu."

"Kwa hiyo mteja hakudanganya!"

"Alisema habari za zamani. Hii yako imetengenezwa na hamira, kijidudu ambacho ni ndugu ya ile ya mkate. Wataalamu waliipa jeni ya insulini ya binadamu. Ikaisoma vizuri, kwa sababu viumbe wote husoma maelekezo kwa maandishi yaleyale. Kisha insulini husafishwa, na hamira hubaki kiwandani. Haiwezi kukugeuza."

Mke wangu akafikiri. "Yaani shati ni langu, ila limeshonwa na fundi mwingine."

"Hasa!"

Akainuka taratibu. "Baba watoto, nishike mkono. Na usinipake rangi."

Kumbe utani unaweza kumliza mtu mzima! Nilifurahi mno.

Zahanati walimtundikia maji na kumpa insulini. Kesho yake tulirudi nyumbani. Muuguzi alimwambia, "Ukisikia neno lolote kuhusu dawa yako, njoo uulize kwanza. Usiache mwenyewe." Tangu siku hiyo hajaruka hata siku moja.

Wiki chache baadaye, yule mteja wa habari za nguruwe alikuja kuchukua suruali yake. Mke wangu akamvutia kiti.

"Kaa hapo," akamwambia. "Unaiona karatasi ile ya mama yangu? Tazama kola."

Alieleza yote huku anatia uzi kwenye sindano. Uzi ulipita mara ya kwanza. Nikashusha pumzi, nikachukua brashi zangu, nikaenda kazini.